NANI ALIICHORA SURA YA VASCO DA GAMA?

Katika kurasa za mafunzo za jarida hili mmezoea kuletewa ngeli, vitate, methali na uchambuzi wa mashairi. Safari hii nawaletea somo ambalo nusu yake ni Historia na nusu ni Kiswahili. Ni somo la kusoma, ila kinachosomwa si maandishi bali ni picha.

Sote twamjua Vasco da Gama, walau kwa jina. Kitabu cha Historia kifikapo ukurasa wa Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki, aghalabu huwa na picha yake: mwanamume mwenye ndevu nyingi, kofia kichwani, mavazi ya kifahari, macho makali. Chini yake pameandikwa jina lake, basi. Hapakuandikwa ni nani aliyeichora, wala lini, wala kama mchoraji huyo alipata kumwona kwa macho yake. Nasi huikubali tu kama tunavyoikubali picha ya kitambulisho.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa mwaka 1498. Ufundi wa kupiga picha kwa kamera ulitangazwa hadharani huko Ufaransa mwaka 1839. Hapo katikati pana miaka 341. Kwa hivyo kila sura ya Vasco da Gama tunayoiona ni kazi ya mkono wa mtu. Mtu gani? Na je, alimwona? Haya ni maswali mawili tofauti. Nia ya somo hili ni kuonyesha kwa nini yafaa tuyaulize yote mawili, tena kila moja peke yake.

A. MWANAMAJI MWENYEWE

Kwanza tumkumbuke mtu tunayemzungumzia. Vasco da Gama alizaliwa Sines, mji mdogo wa pwani ya Ureno, katika miaka ya 1460. Tarehe 8 Julai 1497 aliondoka Lisbon akiwa kapteni mkuu wa meli nne zilizotumwa na Mfalme Manuel I kutafuta njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi. Alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Hapo hawakusikilizana na wenyeji, naye akaendelea hadi Malindi. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri na akampa rubani wa kumwongoza. Waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili, na ilipofika tarehe 20 Mei walikuwa wamewasili Calicut.

Aliporudi kwao alitunukiwa cheo cha Admirali wa Bahari za Hindi. Mwaka 1502 alikuja tena, sasa na meli nyingi zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Baada ya hapo alikaa Ureno miaka 20 hivi. Mwezi wa Aprili 1524 alitumwa mara ya tatu, safari hiyo akiwa makamu wa mfalme katika India. Alifika Goa mwezi wa Septemba, na tarehe 24 Desemba mwaka huo huo akafariki mjini Kochi.

Zishikeni tarehe hizi, ndugu wasomaji, maana ndizo tutakazopimia picha kama vile seremala apimavyo mbao kwa futi.

B. PICHA TATU

Picha za Vasco da Gama ni nyingi, lakini kwa somo letu zatosha tatu.

Picha ya kwanza: Lisbon. Katika jumba la makumbusho la sanaa ya kale mjini Lisbon, liitwalo kwa Kireno Museu Nacional de Arte Antiga, mna picha ya rangi ya mafuta ya mwanamume mtu mzima mwenye ndevu, ambayo yasemekana ni Vasco da Gama. Inakadiriwa kuwa ya mwaka 1524 au karibu na hapo, na inahusishwa na Gregório Lopes. Huyu Lopes alikuwa mchoraji wa mfalme, kwanza wakati wa Manuel I kisha wakati wa João III, na alifariki mwaka 1550.

Liangalieni vizuri neno hilo "inahusishwa". Sikusema "imechorwa na". Wachoraji wa Ureno wa siku zile kwa kawaida hawakutia sahihi kazi zao. Isitoshe, hawakufanya kazi peke yao. Mchoraji mkubwa alikuwa na karakana, na ndani yake walikuwamo wasaidizi na wanafunzi: huyu akitayarisha ubao, yule akichora nguo, na mkuu mwenyewe akimalizia uso na mikono. Lopes mwenyewe alilelewa kiufundi katika karakana ya Jorge Afonso, kisha akamwoa binti wa mwalimu wake. Si ajabu basi kazi za mkwe na za baba mkwe zikafanana hata wataalamu wakabishana.

Sasa tutumie zile tarehe zetu. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 9 Aprili 1524 na hakurudi tena akiwa hai. Kama aliketi mbele ya mchoraji mjini humo, basi ilikuwa kabla ya siku hiyo. Picha yoyote ya Lisbon ikithibitika kuwa ya baadaye, itabidi tukubali kwamba mchoraji alitegemea kumbukumbu zake, au picha nyingine, au masimulizi ya watu.

Picha ya pili: Goa. Hii ndiyo yenye kisa kirefu. Mwaka 1547 mkuu wa Wareno katika India alikuwa João de Castro, naye makao yake yalikuwa Goa. Aliamuru zichorwe picha za wote waliotawala India kabla yake, zitundikwe katika jumba la utawala. Kazi hiyo alimpa Gaspar Correia, mwandishi wa historia aliyekuwa amefika India mwaka 1512 au karibu na hapo. Correia aeleza katika kitabu chake, Lendas da Índia, kwamba alichaguliwa kwa sababu mbili: alijua kuchora, na alikuwa amewaona magavana hao. Kisha aongeza jambo la maana sana kwetu. Asema alifanya kazi hiyo pamoja na mchoraji mmoja, mtu wa nchi ile ile, mwenye kipawa kikubwa, na kwamba sura zilitoka sawasawa hata mtu aliyepata kuwaona wenyewe aliwatambua mara moja.

Jina la mchoraji huyo? Hakulitaja. Aliishia hapo hapo, "mtu wa nchi".

Mwaone basi jinsi mambo yalivyo. Correia alikuwa India mwaka 1524, wakati Vasco da Gama alipokuja kuwa makamu wa mfalme. Lakini picha zilichorwa 1547, yaani miaka 23 baada ya kifo chake. Kwa hivyo ni sura iliyotoka katika kumbukumbu ya mtu mmoja, ikapitia mkono wa mtu mwingine. Hata hivyo, ni kumbukumbu ya mtu aliyemwona.

Tena picha hizo hazikuachwa zilivyokuwa. Joto na unyevu wa Goa viliharibu mbao na rangi. Kila zilipochakaa zilipakwa rangi upya, na si kila fundi aliyeshika brashi alijali sura ya zamani. Katika karne ya 20 baadhi yake zilipelekwa Lisbon zikasafishwa na kuchunguzwa. Hii leo nyingine zimo katika makumbusho ya Lisbon, na nyingi zimo katika makumbusho ya mambo ya kale huko Old Goa.

Picha ya tatu: Greenwich. Katika makumbusho ya ubaharia ya Greenwich, jijini London, iko picha ya Vasco da Gama ambayo mchoraji wake hana utata hata kidogo. Ni António Manuel da Fonseca, Mreno, na aliichora mwaka 1838. Ni picha nzuri, ya kupendeza macho. Lakini toeni hesabu wenyewe: 1838 ukiondoa 1524 ni miaka 314. Fonseca alizaliwa 1796. Hangeweza kumwona Vasco da Gama, wala kumwona mtu aliyemwona, wala kumwona mjukuu wa aliyemwona. Hakuwa na budi kutegemea picha za zamani na ubunifu wake mwenyewe.

C. TUZIWEKE KATIKA MIZANI

Hebu sasa tuzilinganishe picha hizi tatu kwa yale maswali yetu mawili.

Swali la kwanza, nani aliichora? Ya Greenwich yajibu upesi: Fonseca. Ya Lisbon yajibu kwa kusitasita: labda Lopes. Ya Goa yajibu nusu: Correia tunamjua, mwenzake hatumjui kwa jina, na waliopaka rangi juu ya kazi yao baadaye ni wengi.

Swali la pili, mchoraji alimwona? Hapo mambo yapinduka. Ile ya Greenwich, iliyokuwa ya kwanza, sasa ni ya mwisho kabisa. Ya Lisbon yategemea kama kweli ni ya mwaka 1524 na kama kweli aliyechorwa ndiye. Ya Goa, ambayo haina jina kamili la mchoraji, ndiyo yenye ushahidi ulioandikwa kwamba mmoja wa watengenezaji wake alimwona Vasco da Gama kwa macho.

Kumbe basi jina la mchoraji si dhamana ya uso! Picha inaweza kuwa na sahihi safi na tarehe wazi, na bado isitueleze chochote kuhusu sura ya mtu aliyeishi. Na picha isiyo na jina inaweza kuwa karibu zaidi na ukweli. Mwanafunzi akichanganya maswali haya mawili, ataona jina kubwa chini ya picha na kudhani kazi imekwisha.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Kuna mtu ambaye akisikia "mchoraji hajulikani" hutupa picha yote. Hilo pia si sawa. Shahidi asiyejulikana jina bado ni shahidi. Kinachotakiwa ni kumpima kwa maneno yake na kwa mahali alipokuwa amesimama.

D. WACHUNGUZI HUFANYAJE KAZI?

Huenda mkauliza, je, wataalamu hukisia tu? La. Wana njia zao, na nitazitaja tano.

(i) Hati. Hutafuta mikataba, risiti za malipo, barua na orodha za mali za familia, ili wajue picha ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani. Kitabu cha Correia ni hati ya aina hii. Hata hivyo hati nayo yaweza kujificha: kitabu hicho kilikaa bila kuchapishwa hadi kilipotolewa Lisbon kati ya 1858 na 1866.

(ii) Mbao. Picha nyingi za karne ya 16 zilichorwa juu ya mbao. Miti ya nchi zenye majira ya baridi huongeza duara moja kila mwaka. Wataalamu huhesabu na kulinganisha maduara hayo, wakajua mti ulikuwa bado unakua mwaka gani. Ubao ukionyesha duara la mwaka 1530, picha hiyo haikuchorwa 1524. Lakini ukionyesha la 1500, haina maana kwamba picha ni ya 1500. Ubao waweza kukaa stoo miaka mingi.

(iii) Rangi. Kila rangi ina umri wake. Rangi ya buluu iitwayo buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Nyeupe ya titani ni ya karne ya 20. Ikipatikana rangi kama hiyo katika picha ya "1524", basi ama picha ni ya uongo ama kuna mtu aliyeipaka tena. Mchunguzi lazima aangalie rangi hiyo iko katika tabaka gani, la chini au la juu. Kwa picha kama zile za Goa, hilo ndilo swali lenyewe.

(iv) Miale. Eksirei, zilizogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hazipiti vizuri katika rangi nyeupe ya risasi, ile iliyotumika sana zamani. Kwa hivyo zikipigwa kwenye picha huonyesha uso uliofunikwa chini ya uso. Iko pia miale mingine isiyoonekana kwa macho ambayo hufichua mistari ya makaa aliyoanza nayo mchoraji. Ukiona mistari inayositasita, iliyofutwa na kurudiwa, yaelekea mchoraji alikuwa anatafuta umbo mwenyewe. Ukiona mistari iliyonyooka bila kosa, labda alikuwa ananakili kazi ya mwingine.

(v) Mkono. Katika karne ya 19 Mwitaliano Giovanni Morelli, aliyesomea udaktari, alifundisha kwamba tusiangalie macho na tabasamu, kwani hapo kila mtu hujitahidi. Tuangalie masikio na kucha, mahali ambapo mchoraji hufuata mazoea yake bila kufikiri. Ni kama mwalimu anayetambua mwandiko wa mwanafunzi wake hata kabla ya kusoma jina juu ya daftari.

Zaidi ya hayo, mavazi na nishani nazo husema. Vasco da Gama alikuwa katika Jumuiya ya Santiago, kisha mwaka 1507 akahamia Jumuiya ya Kristo. Msalaba wa Santiago una umbo la upanga. Ule wa Kristo ni mwekundu, na ndani yake una msalaba mweupe. Basi mchunguzi akiona msalaba wa Kristo kifuani, atajua kwamba mchoraji alikusudia kumwonyesha Vasco da Gama wa baada ya 1507.

Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Mbao na rangi ni stadi sana katika kukanusha: zinaweza kukwambia "haiwezekani", lakini mara chache zitakwambia "ndiye". Jina hupatikana pale ambapo njia kadhaa zakubaliana.

E. LUGHA YA KIBAO CHA MAELEZO

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoingia. Katika majumba ya makumbusho kila picha ina kibao kidogo cha maelezo, na maneno yake hupimwa kwa uangalifu. Yatupasa sisi wapenzi wa lugha tuyajue:

Imechorwa na: kuna sahihi au hati, na wataalamu wameridhika.
Inahusishwa na: wataalamu wengi huamini ni kazi yake, lakini hakuna hati ya kumaliza ubishi.
Karakana ya: ilitoka chini ya paa lake, pengine kwa mikono ya wasaidizi.
Mfuasi wa: aliyefanya kazi kwa mtindo wake, si lazima awe alimjua.
Nakala ya kazi ya: mwingine aliiga picha iliyokuwapo.

Mtu akiteleza kutoka neno moja hadi jingine, ameshabadilisha historia. Mfano maarufu uko Berlin. Kuna picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya vita ya rangi ya dhahabu, ambayo kwa miaka mingi watu waliisifu kuwa miongoni mwa kazi bora za Rembrandt wa Uholanzi. Mwaka 1985 ilitangazwa kwamba si mkono wake, bali ni wa mtu aliyekuwa katika mazingira yake ya kazi. Picha haikubadilika hata tone. Kofia ni ile ile na mwanga ni ule ule. Kilichobadilika ni neno moja kwenye kibao.

Nasi tunalo jambo kama hili katika fasihi yetu. Watunzi wengi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja jina lao au tarehe katika beti za mwisho, na hiyo ni sahihi yao. Lakini ziko tungo za kale ambazo tumezipokea kwa mapokeo tu. Nyingine husemwa ni za Fumo Liyongo, na wataalamu hawajakubaliana hata kuhusu karne aliyoishi. Mtu anayeandika "shairi la Liyongo" na anayeandika "shairi linalohusishwa na Liyongo" hawasemi jambo moja.

F. WAWILI WALIOBAKI NA KAZI BILA JINA

Sasa turudi Malindi, kwani kule nako kuna fumbo la namna hii hii.

Tumesema mfalme wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani. Ni nani? Habari za safari ile zimo katika kitabu cha siku kilichoandikwa na mmoja wa mabaharia, na nakala yake ya kale imehifadhiwa mjini Porto. Nacho pia hakina jina la mwandishi! Wataalamu hukihusisha na Álvaro Velho. Kitabu hicho chataja rubani, lakini hakitaji jina lake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1552, João de Barros alimwita Malemo Cana. Sikieni neno hilo vizuri: "Malemo" si jingine ila ni "maalim", ambalo ni ndugu wa neno letu "mwalimu", na katika bahari yetu malimu ndiye aongozaye chombo. "Cana" nalo laelekea kutoka katika neno la Kihindi la mtu ajuaye hesabu za nyota. Kwa hivyo hilo linaloonekana kuwa jina, kwa hakika ni kazi yake imetajwa mara mbili.

Baadaye akapewa jina kubwa: Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Uarabuni aliyeandika vitabu vingi vya bahari. Habari hiyo inatokana na mwandishi wa Makka wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miaka mingi baada ya safari yenyewe. Katika karne ya 20 ikaenea kwa kazi za Mfaransa Gabriel Ferrand, ikaingia katika vitabu vya shule. Wanahistoria wengi wa baadaye wameikataa. Si mwaona? Ni kama ile picha ya Berlin: palikuwa na nafasi tupu, likatiwa jina kubwa.

Basi tazameni watu hawa wawili. Mmoja alimvusha Vasco da Gama bahari ya Hindi, naye akaitwa "malimu". Mwingine aliipa sura yake rangi, naye akaitwa "mtu wa nchi". Wote wawili walikuwa wenyeji wa bahari hii ya Hindi, wote walisifiwa kwa ustadi wao na Wareno wenyewe, na wote majina yao hayakuandikwa. Waliochukua sifa ni yule aliyebebwa na yule aliyeagiza. Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Twaona chombo kinaelea na twaona picha imetundikwa, lakini mwundaji hatumwoni.

Isitoshe, kumbukeni ni kina nani waliotundikwa ukutani mle Goa. Miongoni mwao alikuwamo Francisco de Almeida, aliyeuteka na kuuchoma mji wa Mombasa mwaka 1505. Alikuwamo Nuno da Cunha, aliyeushambulia mji huo huo tena mwaka 1528. Sura zao zilihifadhiwa kwa mbao, rangi na dhahabu. Mfalme wa Malindi wa 1498, aliyempa mgeni rubani, na watu wa Mombasa waliopigana, hawana picha hata moja. Kwa hivyo tunapofunua kitabu na kuona uso wa Vasco da Gama peke yake, si kwamba wengine hawakuwa na nyuso. Ni kwamba aliyekuwa na mamlaka ya kuagiza picha alikuwa mmoja.

G. HITIMISHO

Ndugu zangu, sisemi tuzing'oe picha hizo vitabuni. Zibaki, ila zisomwe. Kila mara uonapo picha ya mtu wa kale, jiulize: Nani aliichora? Lini? Alimwona? Nani aliagiza na kulipa? Na nani aliyekuwapo ambaye hakuchorwa? Maswali hayo matano hayahitaji eksirei wala safari ya Lisbon. Yahitaji macho na tarehe mbili tatu kichwani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini si vibaya kumkumbusha atazame nini.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya "imechorwa na", "inahusishwa na" na "nakala ya kazi ya". Tunga sentensi moja kwa kila fungu la maneno.

2. Francisco de Almeida aliondoka India mwishoni mwa mwaka 1509, akauawa njiani mwaka uliofuata. Gaspar Correia alifika India mwaka 1512 au karibu na hapo. Je, picha ya Almeida ya mwaka 1547 ina uzito sawa na ile ya Vasco da Gama? Toa sababu.

3. Ubao wa picha umeonekana kuwa na duara la mwisho la mwaka 1519. Taja jambo moja ambalo ushahidi huo unathibitisha, na moja ambalo hauwezi kuthibitisha.

4. Chagua picha moja ya mtu wa kale katika kitabu chako cha Historia. Andika kibao cha maelezo kisichozidi maneno 40, ukitumia neno linalofaa kuhusu mchoraji.

5. Insha: Jifanye wewe ndiwe yule "mtu wa nchi" wa Goa. Andika kurasa mbili ukieleza jinsi ulivyochora uso wa mtu ambaye hukupata kumwona, huku Correia akikaa kando yako na kukuelekeza.

Insha zitakazofika kwa mwalimu mlezi wa chama zitasomwa katika mkutano wetu. Nawatakia masomo mema.